Ufunguo Usioitikiwa: Vitasa vya Magari na Maneno ya Mafundi katika Shinyanga na Geita

Neno ufunguo ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo umbo lake hueleza kazi ya kitu chenyewe. Limetokana na kitenzi kufungua, na kufungua nako ni kinyume cha kufunga, kwa mnyambuliko ule ule ugeuzao kuziba kuwa kuzibua na kupanga kuwa kupangua. Kitenzi hicho kikipewa u- mwanzoni na -o mwishoni, kama vile ufagio ulivyotoka katika kufagia, hupatikana jina la chombo cha kufungulia. Waliounda neno hilo hawakutazama umbo la chuma wala meno yake, walitazama tendo. Kwa sababu hiyo neno limedumu bila taabu tangu zama za komeo na vitasa vya mbao hata zama za kufuli za chuma, na katika siku hizi limehamia kwenye kitu kisicho na meno, kisichoingia katika tundu lolote, ambacho mtu huweza kukiacha mfukoni na mlango ukafunguka.

Kitu hicho ni ufunguo wa redio wa motokaa. Katika miji ya Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, na katika vijiji vya machimbo ya dhahabu vilivyo baina ya miji hiyo, ufunguo wa namna hii umekuwa jambo la kila siku. Na kila siku wako watu wanaosimama kando ya magari yao wakibonyeza bila kuitikiwa. Makusudi ya makala haya ni kueleza chombo hicho hufanyaje kazi, hitilafu yake hutafutwa kwa utaratibu gani, na maneno yatumiwayo na wenye magari pamoja na mafundi humsaidia au humpoteza namna gani yule anayetafuta. Mambo haya matatu yameshikamana. Fundi wa umeme wa magari huanza uchunguzi wake kwa sikio kabla ya kushika mita, na neno atakaloambiwa ndilo litakalomwelekeza mahali pa kwanza pa kutazama.

Mahali na magari yake

Nchi inayohusika hapa ni ile iliyo kusini na magharibi ya Ghuba ya Mwanza. Madini yake yalijulikana zamani. Almasi ya Mwadui, karibu na Shinyanga, ilivumbuliwa mwaka 1940, na mgodi wa dhahabu wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa wake yenyewe mwaka 2012. Pamoja na migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo wengi, katika mahali kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, na nyuma yao wafanya biashara wa vyakula, nguo, mafuta na vipuri. Watu hawa wote husafiri, na magari yao kwa wingi ni magari yaliyokwisha kutumiwa Japani kabla ya kuvuka bahari.

Asili hiyo ya Japani ina maana kubwa katika jambo letu. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani husikiliza mawimbi ya redio ya karibu megahezi 315, ilhali gari lililotengenezwa kwa soko la Uingereza au Ulaya aghalabu husikiliza megahezi 433.92. Funguo za magari hayo mawili huweza kufanana kwa rangi, kwa umbo na kwa alama ya kampuni, hata mwuzaji mwenyewe asitambue tofauti. Lakini ufunguo wa Uingereza hautasikiwa kamwe na gari la Japani, kama vile msikilizaji wa redio asivyoweza kusikia stesheni moja akiwa ameelekeza mshale kwenye nyingine. Mtu aliyenunua ufunguo wa badali bila kuuliza jambo hili ametoa fedha yake bure, na fundi asiyelijua humaliza siku nzima akitafuta hitilafu isiyokuwako.

Kadhalika hali ya nchi ina sehemu yake. Shinyanga ni mahali pakavu, na wakati wa kiangazi vumbi laini hupenya kila ufa. Huingia katika vibonyezo vya ufunguo, na pamoja na jasho la mkono hufanya utando juu ya vibati vinavyogusana na betri. Masika yanapokuja, maji hupita katika mipira ya milango iliyozeeka na kufikia viungo vya nyaya. Barabara zenye mashimo nazo hulegeza viungo hivyo kidogo kidogo.

Namna chombo kinavyofanya kazi

Hitilafu haiwezi kutafutwa na mtu asiyejua njia inayopitwa na amri. Katika magari ya siku hizi hapana budi kutofautisha njia tatu, ambazo watu huzichanganya kwa kuwa zote zimekaa ndani ya ufunguo mmoja.

Njia ya kwanza ni ya kibonyezo. Mtu akibonyeza, ufunguo hutoa mawimbi ya redio yenye nambari ya siri. Ndani ya gari mna kipokezi kinachosikiliza; kikiitambua nambari, hupeleka habari kwa kisanduku cha kuamrisha, ambacho mafundi hukiita kontrol boksi, nacho hupeleka umeme kwa mota ndogo zilizo ndani ya milango. Nambari hiyo haitumiwi mara mbili. Kila kubonyeza huitoa nambari nyingine kwa hesabu inayojulikana na ufunguo na gari tu, ili mwizi akiinasa nambari ya leo isimfae kesho. Mojawapo ya hesabu za namna hiyo zilizoenea sana duniani ilibuniwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1980.

Njia ya pili ni ya ufunguo usiobonyezwa. Hapa gari ndilo linaloanza kusema. Mwenye ufunguo akigusa mkono wa mlango, antena iliyomo mlangoni hutoa mwito hafifu wa mawimbi ya chini, ya karibu kilohezi 125 hadi 134, unaofika umbali wa kama hatua moja tu. Ufunguo ulioko mfukoni ukiusikia mwito huo huamka, ukajibu kwa mawimbi ya juu, yale yale ya njia ya kwanza. Basi katika njia hii mna mwito na mwitikio. Na hitilafu huweza kuwa kwa anayeita, au kwa anayeitwa, au kwa anayesikiliza jibu.

Njia ya tatu ni ya kuruhusu injini kuwaka. Ndani ya ufunguo mna chembe ndogo isiyohitaji betri. Ikikaribishwa kwenye mzunguko wa waya ulio katika tundu la ufunguo, au nyuma ya kibonyezo cha kuwashia, hupata nguvu kutoka kwa mzunguko huo na kujitambulisha. Kwa sababu hiyo ufunguo ambao betri yake imekwisha kabisa huweza bado kuwasha gari.

Kihistoria njia hizi hazikuja pamoja. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na ufunguo wa kubonyezea kwa mbali lilikuwa Renault Fuego ya Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ufunguo wake haukutumia redio, bali mwanga usioonekana kwa macho. Wafaransa waliuita plip, kwa herufi zilizotolewa katika jina la mvumbuzi wake, Paul Lipschutz, na mpaka leo Mfaransa huweza kutumia jina hilo kwa ufunguo wa redio wa gari lo lote. Huu ni mfano mzuri wa jina lililobaki baada ya kitu kubadilika.

Maneno manne ya mwenye gari

Mwenye gari afikapo kwa fundi, malalamiko yake kwa kawaida huwa mojawapo ya haya manne: rimoti imekufa, gari haisomi funguo, loki hazifungi, imepoteza programu. Kila usemi una mahali pake pa kweli, lakini kila mmoja hutumiwa pia mahali pasipo pake. Inafaa kuutazama mmoja mmoja.

Rimoti imekufa. Rimoti ni neno la Kiingereza lenye maana ya "-a mbali", lililokatwa kutoka katika jina refu la chombo cha kuongozea mitambo kwa mbali. Katika kinywa cha baadhi ya wasemaji wa Kisukuma husikika limoti, kwa kuwa Kisukuma hakitofautishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya. Neno hili liliingia majumbani pamoja na televisheni, na kutoka huko likahamia kwenye gari. Na katika kuhama huko lilichukua kosa moja. Rimoti ya televisheni hutoa mwanga usioonekana, ambao kamera ya simu huweza kuuonyesha kama nuru hafifu. Ndiyo maana watu hujua kuijaribu mbele ya simu. Wengine huujaribu vivyo hivyo ufunguo wa gari, na wasipoona nuru huamua kwamba umekufa. Lakini ufunguo wa redio hautoi mwanga wa namna hiyo hata ukiwa mzima kabisa, na kamera haiwezi kuona mawimbi ya redio. Jina moja limewafanya wadhani vitu viwili kuwa kimoja. Hata taa ndogo nyekundu iliyo juu ya baadhi ya funguo haithibitishi neno, ila kwamba betri imeweza kuwasha taa.

Kipimo cha kwanza cha haki ni ufunguo wa pili, kama upo. Ukiitikiwa, gari ni zima na ugonjwa umo katika ufunguo wa kwanza. Funguo zote mbili zisipoitikiwa, shaka huhamia kwa gari. Swali hili moja, lisilogharimu kitu, hugawa kazi yote katika nusu mbili, na inashangaza jinsi linavyosahauliwa.

Ikiwa ugonjwa umo katika ufunguo, betri hutazamwa kabla ya kitu kingine. Betri zitumiwazo sana zina majina kama CR2032, na majina hayo huweza kuchambuliwa kama neno la Kibantu: C ni aina ya kemikali, yaani lithi, R ni umbo la duara, 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wake, milimita 3.2. Betri iitwayo CR2016 ina upana ule ule na nguvu ile ile ya volti 3, lakini unene wake ni milimita 1.6 tu, yaani nusu. Ikiwekwa mahali pa ile nene hucheza, ikigusa leo na kuacha kesho, na mwenye gari husema kwamba rimoti hufa na kufufuka. Tena betri iliyochoka huweza kuonyesha volti 3 ikipimwa peke yake, kisha ikaanguka mara tu kibonyezo kinapodai umeme. Kwa hiyo jaribio la betri mpya lina hoja kubwa kuliko mita. Baada ya betri hutazamwa vibati vinavyoigusa, kama vimepinda au vimeshika utando, na upande wa chanya kama umeelekea panapotakiwa.

Gari haisomi funguo. Usemi huu ni wa Kiswahili kipya, na una uzuri wake. Kusoma kwa asili ni tendo la mtu mwenye kitabu. Hapa limepewa mtambo unaotambua kitu kilicho karibu nao. Husemwa pia simu haisomi laini na mashine haisomi kadi. Kwa maana yake ya haki usemi huu ni wa njia ya pili na ya tatu, na hapo majaribio mawili hutosha kuonyesha njia.

Jaribio la kwanza ni kubonyeza. Ikiwa vibonyezo vya ufunguo hufungua milango ilhali kugusa mkono wa mlango hakufungui, basi betri, kitumaji cha ufunguo na kipokezi cha gari vyote ni vizima, maana jibu la njia ya pili hupita humo humo. Kilichobaki ni upande wa mwito: antena ya mlango, kigusio cha mkono wa mlango, nyaya zake, au ufunguo wenyewe kutosikia mawimbi ya chini. Tena si ajabu gari likawa limezimwa uwezo huo kwa makusudi, kwa kuwa magari mengi huruhusu jambo hilo. Na baadhi yake, yakikaa siku nyingi bila kutumiwa, hupunguza mwito ili kuhifadhi betri kubwa.

Jaribio la pili ni kuugusisha ufunguo kwenye kibonyezo cha kuwashia, au mahali palipoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Injini ikikubali kuwaka, chembe isiyohitaji betri ni nzima na gari halijamsahau mwenyewe. Ugonjwa karibu hakika ni betri ya ufunguo. Mtu aliyefungiwa nje naye asivunje kioo, maana funguo nyingi za namna hii zimefichwa ndani yake ufunguo mdogo wa chuma, na mlangoni mna tundu lake, wakati mwingine chini ya kifuniko. Habari hii ndogo ina thamani kubwa kwa mtu aliyekwama usiku njiani na mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Katika sehemu hii hapana budi kutaja ghasia za redio. Ufunguo hutoa mawimbi hafifu mno, na karibu na minara, redio za mkononi au hata simu iliyolala mfuko mmoja na ufunguo, mwito na mwitikio huweza kuzamishwa. Dalili yake ni kwamba gari haliitikii mahali pamoja, na likisogezwa mbali huitika. Anayebadili vipuri kwa hitilafu ya namna hii anatibu gari kwa ugonjwa wa mahali.

Loki hazifungi. Neno loki limekopwa ingawa Kiswahili kilikuwa na kitasa, na sababu yake yaonekana. Kitasa ni kitu cha mlango mmoja, hali mafundi walihitaji jina la mpango mzima unaofunga milango yote kwa amri moja, nao huuita senta loki. Malalamiko haya huelekeza kwenye mwisho wa njia, yaani kwenye mota na nyaya, na jaribio lake ni swichi iliyo ndani ya mlango wa dereva. Milango ikitii swichi hiyo lakini isitii ufunguo, mota na fyuzi yake ni nzima, na hitilafu iko kabla ya hapo, kwenye kipokezi au umeme unaokilisha. Isipotii hata swichi, kipokezi hakina kosa, na hutazamwa fyuzi, rilei na nyaya. Mlango mmoja peke yake ukikataa, hutazamwa mota ya mlango huo, na nyaya zinazopita katika mpira baina ya mlango na mwili wa gari. Kwa maana nyaya hizo hupinda kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka mingi hukatika ndani bila ganda lake kuonyesha jeraha.

Hapa pia mna mambo yanayofanana na ugonjwa na si ugonjwa. Magari mengi hukataa kufunga kwa ufunguo wa redio maadam mlango mmoja haujashikana vizuri, au ufunguo ungali katika tundu lake, au ufunguo wa pili umesahauliwa ndani. Gari hufanya hivyo kumlinda mwenyewe asijifungie nje. Swichi ya mlango iliyojaa vumbi huweza kulidanganya gari kwamba mlango u wazi; na dalili yake ni taa ya ndani isiyozimika.

Imepoteza programu. Usemi huu ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa hauwezi kupingwa na mteja asiyejua, nao hufungua mlango wa gharama. Ni kweli kwamba ufunguo na gari huweza kuachana katika hesabu. Mtoto akichezea kibonyezo mara nyingi mno mbali na gari, ufunguo huenda mbele kuliko gari linavyoweza kuvumilia, na hapo hauna budi kufundishwa upya. Lakini gari huvumilia hatua nyingi, na katika funguo nyingi kubadili betri peke yake hakufuti kitu. Basi fundi mwaminifu hulitaja jambo hili baada ya ufunguo wa pili, betri, fyuzi na swichi kusema yao.

Mwisho wa safari ndipo kinapofikiwa kipokezi chenyewe. Hata hapo hakihukumiwi kabla ya kuulizwa mambo matatu kwa mita: je, kinapata umeme wa betri kubwa wakati wote, je, waya wake wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari umeshika vema, na je, kinapeleka alama yo yote kwa kontrol boksi ufunguo unapobonyezwa. Betri kubwa iliyo nzima na iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, ikishuka chini ya 12 vyombo vingi vya gari huanza kusema uongo, na fundi akaviamini. Mara nyingi umeme wa kipokezi hupita katika fyuzi moja na vyombo vingine vidogo, kama taa ya ndani. Kwa hiyo taa iliyozimika siku ile ile ni shahidi asiyestahili kupuuzwa. Kipokezi kinachopata umeme na kisichosema neno, huku funguo mbili nzima zikibonyezwa kando yake, ndicho peke yake kinachoweza kuitwa kibovu kwa haki.

Mfano wa mazungumzo

Thamani ya maswali haya yaonekana katika mazungumzo ya kawaida ya gereji. Ufuatao ni mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo.

"Fundi, shikamoo. Gari haisomi."

"Marahaba, mwanangu. Haisomi nini? Ukibonyeza inafunguka?"

"Haifunguki. Mpaka nitumie kile cha chuma."

"Ukishaingia, inawaka?"

"Inawaka nikiisogeza pale kwenye kitufe."

"Funguo ya pili unayo?"

"Iko nyumbani, Kahama."

"Basi usinunue kitu leo. Tuweke betri mpya kwanza. Ikikataa, piga simu nyumbani wakajaribu ile nyingine ukirudi."

Mteja amesema neno moja pana, na fundi kwa maswali yake amelipunguza mpaka likatosha. Kuwaka kwa gari kumeondoa chembe katika shaka. Kutofunguka kwa kibonyezo kumeondoa upande wa mwito. Kilichobaki ni betri ya ufunguo, kitumaji, au kipokezi, na cha bei nafuu kimetangulia. Msomaji atatambua pia kwamba fundi husema funguo ya pili, wala hasemi ufunguo wa pili. Wingi umekuwa umoja, na neno limehama ngeli ya U na kuingia ngeli ya N, pamoja na rimoti, betri na fyuzi ambazo hukaa nalo kila siku. Mwalimu wa shule atalisahihisha. Mtafiti wa lugha ataandika kwamba jambo hili hutokea, na kwamba jirani za neno huweza kuwa sababu mojawapo.

Lugha kama chombo cha uchunguzi

Wasukuma wana mfano wa kale wa jambo hili hili katika kilimo. Lugha yao hutofautisha udongo kwa majina: luseni ni ule wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo ni ule mgumu usiopitisha maji, mbuga ni ule mweusi wa mabondeni unaopasuka kiangazi. Wataalamu wa udongo waliofanya kazi katika nchi hiyo wakati wa ukoloni waliyachukua majina hayo katika maandishi yao, kwa kuwa kila jina lilibeba pamoja nalo habari ya maji, ya mteremko na ya zao lifaalo. Mkulima aliyesema "shamba langu ni itogolo" alikuwa amekwisha kueleza nusu ya tatizo lake. Lau angekuwa na neno moja tu la udongo mbaya, angelazimika kuanza upya kila mwaka.

Katika vitasa vya redio Kiswahili kingali katika hali ya neno moja. Haisomi hufunika betri iliyokwisha, antena iliyokatika, mawimbi yaliyogongana na ufunguo wa megahezi za nchi nyingine. Lakini mali ya kutofautisha ipo tayari katika lugha, wala haihitaji kukopwa. Kuita na kuitika ni vitenzi vya tangu zamani, na hueleza njia ya pili barabara: gari haliiti, ufunguo hauitiki, au gari halisikii. Kutii ni kitenzi cha mwisho wa njia: mlango hautii. Kutambua hufaa kwa nambari ya siri: gari linasikia lakini halitambui. Fundi anayemwuliza mteja kwa vitenzi hivi vinne, kuita, kuitika, kutambua na kutii, amemchorea ramani ya hitilafu bila kukopa neno jipya hata moja, na mteja aliyeielewa ramani hiyo si rahisi kuuziwa kontrol boksi kwa ugonjwa wa betri ndogo.

Haifuati kwamba rimoti, loki na fyuzi zifukuzwe. Hayo ni majina ya vitu, na vitu vilikuja navyo. Wala si kazi ya wataalamu wa lugha kuwapelekea mafundi orodha ya istilahi zilizotungwa mezani, ambazo hazitapita mlango wa gereji. Linalowezekana, na lenye faida, ni kusikiliza ni wapi neno la kazi limekuwa pana kuliko kazi yenyewe, na kuonyesha vitenzi vilivyokwisha kuwamo vinywani mwa watu ambavyo vingeweza kulipunguza. Majina ya vyombo hubadilika kila vyombo vinapobadilika, kama plip ya Wafaransa ilivyobaki na jina la mtu huku mwanga wake ukigeuka redio. Vitenzi huishi zaidi. Ufunguo wenyewe ni shahidi: umepoteza meno, umepoteza tundu, lakini kwa kuwa ulizaliwa katika kitenzi, bado ni chombo cha kufungulia, na usipofungua, mtu wa kwanza wa kuulizwa ni yule anayejua kutofautisha baina ya asiyeitwa, asiyeitika, asiyetambuliwa na asiyetii.